UZI: Ugumu wa mshale kwa upinde wa kompaundi. 400 au 500? Tulimalize hapa

Wano la Pwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Swali la "niagize 400 au 500?" linarudi kila mwezi na kila mara linajibiwa nusunusu, mtu anaagiza dazeni nzima, mzigo unafika Tanga, mishale inaruka kama samaki aliyetolewa majini. Naliwekea uzi wake. Naongelea upinde wa kompaundi tu, ule wenye kemu (magurudumu) juu na chini, unaofyatuliwa kwa rilizi (kifaa kinachoshika kamba na kuiachia). Wanaovuta rikavu (upinde usio na kemu) kwa vidole wana kanuni zao, na huko chini mtaona kwa nini nasisitiza hilo.

Maneno kwanza, tusije tukapishana. Wano ni mti wa mshale bila ncha wala manyoya. Upote ni kamba inayosukuma mshale. Noki ni kile kipande cha plastiki cha nyuma kinachouma upote. Inseti ni kile kichuma kinachogundishwa ndani ya wano ili ncha ifungwe kwa kuzungushwa kama skrubu. Spaini ndiyo ugumu wenyewe. Resti ni kibebeo cha mshale kwenye upinde.

Sasa ile namba. Kiwandani wanalaza wano la inchi 29 juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, katikati wananing'iniza uzito wa paundi 1.94, yaani gramu 880. Wano likibonyea inchi 0.500 linaandikwa 500. Likibonyea inchi 0.400 linaandikwa 400. Kwa hiyo NAMBA KUBWA NDIYO LAINI. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu kosa la kwanza la kila mgeni ni kuagiza 300 akidhani ni mshale mwepesi wa upinde mdogo.

Mkikutana na aluminiamu iliyoandikwa 2315 au 1916, hiyo si spaini. Tarakimu mbili za mwanzo ni unene wa wano kwa sehemu za 64 za inchi, mbili za mwisho ni unene wa ukuta kwa sehemu za 1000 za inchi. 2315 ni kipenyo cha 23/64 na ukuta wa 15/1000. Spaini yake lazima uitafute kwenye jedwali la mtengenezaji.

Hiyo ya kiwandani mimi naiita ugumu wa mezani. Kinachokuhusu wewe ni ugumu wa mwendoni: wano linavyopinda pale upote unapolisukuma kwa nyuma huku ncha ikikataa kuondoka kwa mbele. Huo unaamuliwa na mambo manne makubwa.

Nguvu ya upinde kwenye kilele chake. Ikiongezeka, mshale uleule unakuwa laini.

Urefu wa wano. Hapa ndipo watu wanapopuuza na ndipo penye nguvu kuliko kote, maana kubonyea kunafuata urefu mara tatu kwa kuzidishwa (urefu × urefu × urefu). Wano la 400 lenye inchi 29 linatenda kama la 444 hivi lenye inchi 28. Inchi moja tu.

Uzito wa mbele, yaani ncha pamoja na inseti. Ukiongeza, unalainisha. Uzito wa nyuma (noki nzito, manyoya makubwa, kola) unafanya kinyume kidogo.

Ukali wa kemu. Pinde mbili za paundi 60 hazilingani kama moja ina kemu pole na nyingine ina kemu ya mwendokasi inayopanda hadi kilele ghafla na kukaa hapo.

Mengine yote ni chumvi juu ya hayo.

---

Pongwe Kwetu

Asante mkuu. Basi nianze mimi. Upinde una namba 45–60 kwenye lebo, urefu wa mvuto inchi 28, kemu za kawaida, navuta kwa mkono wa kulia na rilizi ya kifundoni. Shabaha tu, mita 18 hadi 50. Jedwali moja linanipa 500, jingine 400. Nifuate lipi?

---

Kigumba

Pongwe, "45–60" haitusaidii. Hiyo ni nafasi ya skrubu za mikono ya upinde (vile vipande viwili vinavyopinda, juu na chini), si nguvu unayovuta leo. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kidijitali ya kupimia mabegi inayofika kilo 50 na kushika namba ya juu kabisa. Inase kwenye kitanzi cha upote, vuta polepole hadi upite kilele, kisha RUDISHA polepole. Usiachie upote bila mshale, hata mara moja. Mikono inapasuka na kemu zinapinda. Kilo ulizopata zidisha kwa 2.2.

Pia pima urefu wa wano, si urefu wa mvuto. Hivi vitu viwili vinachanganywa kila siku. Urefu wa mvuto unapimwa kutoka koo la noki hadi sehemu ya ndani kabisa ya mshikio, ukajumlisha inchi 1.75. Urefu wa wano ni kutoka koo la noki hadi mwisho wa wano mbele, ncha haihesabiwi. Mtu wa mvuto wa 28 anaweza kupiga wano la 27 au la 29 kutegemea resti yake ilipo.

Kwa usalama mwisho wa wano uwe mbele ya resti kwa inchi moja hivi ukiwa umevuta kikamilifu. Wano fupi likidondoka nyuma ya resti na ukaachia, linaingia mkononi. Hilo si la kujaribu.

---

Pongwe Kwetu

Mizani inasema kilo 24. Wano sijaagiza bado. Toka koo la noki hadi inchi moja mbele ya resti napata inchi 28 kamili.

---

Kigumba

Kilo 24 ni karibu paundi 53. Paundi 53, inchi 28, ncha greni 100 (gramu 6.5 hivi): uko mpakani kabisa, ndiyo maana majedwali yanabishana. Kila mtengenezaji amechora jedwali lake akidhania kemu fulani na ncha fulani. Soma maandishi madogo ya chini: wengi huhesabu ncha ya greni 100, na ukiongeza greni 25 wanakuambia jifanye una paundi 3 hadi 5 za ziada. Ukiongeza wano inchi moja, jifanye una paundi 5 za ziada.

Ramani ya haraka ya wano la inchi 28 na ncha ya 100, ya kuanzia tu, si msahafu:
paundi 40, tafuta 600 (na 500 kama kemu kali);
paundi 50, 500 au 400;
paundi 60, 400, na ukizidi inchi 29 nenda 340 au 350;
paundi 70, 340 kushuka 300.

Wewe chukua 400. Ukiwa mpakani na kompaundi, egemea upande wa ugumu. Sababu ni mbili. Upinde wako una nafasi ya kupanda hadi 60, na msimu ukiisha utakuwa umepanda. Ya pili, mshale mgumu kidogo unalainishwa kwa ncha nzito zaidi ya shilingi elfu chache, ila mshale laini uliokwisha kukatwa hauna dawa zaidi ya ncha nyepesi au kulegeza upinde.

---

Mkaidi wa Ngamiani

Samahanini, lakini mnawatisha watu bure. Mambo ya spaini ni ya vidole. Rilizi inaachia upote moja kwa moja, mshale haupindi kuzunguka mpini kama wa rikavu, na resti za siku hizi zinadondoka mshale ukianza kwenda. 340, 400, 500, zote zitapita katikati. Nunua iliyo rahisi.

---

Dada Upote

Kaka Mkaidi, nusu ya maneno yako ni kweli, na ndiyo nusu inayopoteza watu.

Ni kweli vidole vinausukuma upote kando, mshale unapinda kulia na kushoto, na rilizi imeondoa sehemu kubwa ya hiyo. Lakini kupinda hakujaondoka, kumegeuka tu: kwa rilizi mshale unapinda zaidi juu na chini, kwa sababu noki haisafiri kwenye mstari ulionyooka kabisa na resti imeubeba kwa chini. Paundi 53 zinasukuma kijiti cha gramu 25 kwa nyuma. Hakuna kijiti kisichopinda hapo.

Mshale uliolainika kupita kiasi unafanya haya: ukipigwa kupitia karatasi iliyokazwa kwenye fremu, unaichana vibaya na michano inabadilika mshale hadi mshale, manyoya yanagusa resti au kebo, kundi linatawanyika ukifika mita 40 hata kama mita 18 lilikuwa zuri. Na ukilainika kupita mipaka unavunjika kwenye upinde wakati wa kuachia, vipande vya kaboni vinaingia kwenye mkono ulioshika mpini. Hiyo ndiyo sababu majedwali yana safu ambazo hutakiwi kuzivuka.

Mgumu kupita kiasi haukuumizi. Unakuwa mkorofi tu: hausamehe mkono uliopinda mpini, na mshale usio na manyoya hautakubali kukaa na wenzake. Kwa mita 18 ndani ya ukumbi ungeweza kuishi nao. Mita 50 na upepo wa kusi, hapana.

---

Mkaidi wa Ngamiani

Ya kuvunjika nakubali. Ya mita 18 nabaki na msimamo wangu 😄

---

Wano la Pwani

Baki nao mkuu, uzi una nafasi.

Nyongeza juu ya uzito, maana kuna wanaokimbilia wano jepesi kabisa ili mshale uwe na kasi. Mshale mzima usipungue greni 5 kwa kila paundi ya upinde. Paundi 60, greni 300 (gramu 19.4). Chini ya hapo upinde unapokea karibu mshtuko wa kuachia bila mshale, na mtengenezaji hatakusikiliza ukilalamika. Greni moja ni gramu 0.0648, kwa hiyo mizani ya sonara inatosha.

Mfano wa Pongwe akichukua 400 yenye greni 8.2 kwa inchi: inchi 28 ni 230, ncha 125, inseti 14, noki 9, manyoya matatu ya plastiki 18. Jumla 396. Gawa kwa 53, ni greni 7.5 kwa paundi. Pazuri sana kwa shabaha.

---

Mvuvi_Mwambani

Wakuu, kuna mishale mitumba inauzwa bila lebo, maandishi yamefutika. Nitajuaje spaini bila mashine?

---

Kigumba

Tengeneza mashine. Ubao mmoja wa futi tatu, misumari miwili au vipande viwili vya mbao vyenye mkato wa V, umbali wa sentimita 71.1 toka ukingo hadi ukingo. Hiyo ndiyo inchi 28. Chupa ya maji ya lita moja: weka maji hadi chupa, maji na kamba yake vifike gramu 880 kwenye mizani ya jikoni. Si mililita 880. Chupa nayo ina uzito wake.

Laza wano, weka alama ya urefu wa katikati dhidi ya rula iliyosimama, ning'iniza chupa kwa ndoano nyembamba katikati kabisa, acha itulie, soma tofauti. Kwa milimita:
300 ni 7.6
340 ni 8.6
400 ni 10.2
500 ni 12.7
600 ni 15.2
700 ni 17.8

Rula ya kawaida inakupa nusu milimita kwa jicho zuri, na inatosha kutenganisha 400 na 500. Haitoshi kutenganisha 340 na 350, hizo mwachie mwenye geji ya saa.

Mitumba mara nyingi imeshakatwa na haifiki nguzo zote mbili. Sogeza nguzo ziachane inchi 25 (sentimita 63.5), pima, kisha zidisha jibu kwa 1.4. Ukitumia inchi 26, zidisha kwa 1.25.

Zungusha wano robo kwa robo na usome kila mara. Likionyesha 10 upande mmoja na 11 upande mwingine, lina uti mgumu upande mmoja. Weka alama ya kalamu hapo, itakufaa kwenye kupanga noki.

Na kabla ya yote hayo: kaboni ya mtumba ikunje. Shika ncha na noki, pinda taratibu kwa upinde mdogo huku umeelekeza mgongo wake mbali na uso, zungusha, pinda tena. Ukisikia inalia tikitiki, au kidole kikikuta unyuzi umesimama, vunja mwenyewe na utupe. Usiuze, usimpe mtoto wa jirani.

---

Fundi Grainda

Upande wa kukata niachieni. Kaboni haikatwi kwa msumeno wa chuma wala kwa kikata bomba. Vyote viwili vinapasua nyuzi kwa urefu na ufa hauonekani hadi siku ya kuvunjika. Inatakiwa diski nyembamba ya kusaga inayozunguka kasi. Grainda ndogo yenye diski ya milimita 1 inakata, ila umefunga grainda kwenye meza na wano ndilo linalozungushwa taratibu kuelekea diski, si diski kuvamia wano. Ukishika vyote kwa mkono mkato unakuwa wa mshazari.

Barakoa, si kitambaa cha mdomoni. Vumbi la kaboni ni sindano ndogo, linawasha ngozi na halitakiwi mapafuni. Kata nje, upepo ukiwa nyuma yako, na futa kwa kitambaa chenye maji, usipulize.

Halafu nyoosha mdomo wa wano: msasa laini juu ya kitu bapa, zungusha wano likiwa limesimama wima. Inseti isipokaa mraba, ncha inayumba, na utalaumu spaini miezi mitatu. Kuhakiki, zungusha mshale juu ya kucha au roli mbili. Ncha ikichora duara, inseti imepinda.

Safisha ndani kwa pamba ya masikio na spiriti, acha ikauke, ndipo gundi. Epoksi ya sehemu mbili ni ya kudumu. Gundi ya fimbo ya kuyeyusha inafaa kama unataka kubadilisha inseti baadaye, lakini joto liende kwenye ncha ya chuma, kamwe si kwenye wano; kaboni ikichemshwa, resini inalegea na spaini uliyoinunua imekwenda. Na kwa joto letu hili: mishale yenye gundi ya kuyeyusha usiiache kwenye gari lililofungwa mchana wa Januari. Utarudi ncha zikibaki kwenye shabaha na wewe umeshika bomba.

Hilo la ncha kubaki lina ndugu yake. Shabaha za povu zito zinashika kaboni kwa joto la msuguano. Gunia la mkonge lililoshindiliwa vitambaa vikuukuu hadi halibonyei kwa goti linaachia mshale vizuri zaidi na hapa Tanga gunia si tatizo. Makumbi ya nazi hayafai, yanaacha mianya na mshale unapita.

---

Pongwe Kwetu

Nimeagiza 400, nusu dazeni. Nikate 28 moja kwa moja?

---

Dada Upote

USIKATE. Samahani kwa sauti. Kata kwanza inchi 29, mishale miwili tu, mmoja na manyoya na mmoja bila. Ncha nunua za kubadilisha: 100 na 125 angalau. Zile za kuvunjika vipande (120, 110, 100) pia ni nzuri kwa jaribio hili, ila ukishavunja hurudi nyuma. Ukiona mishale inataka ugumu zaidi ndipo unakata nusu inchi kwa nusu inchi. Wano halirefushwi.

---

Mzee wa Chumbageni

Kwenye kupima kwa karatasi msisahau: manyoya yakichana kushoto kwa tundu la ncha, mshale ni mgumu. Yakichana kulia, laini. Kwa anayevuta kwa kulia.

---

Dada Upote

Shikamoo mzee. Hiyo ni kanuni ya vidole, na kwa vidole ni sahihi kabisa. Kwa kompaundi na rilizi inageuka: mchano wa kushoto kwa mvutaji wa kulia ndio unaoonekana sana, na washukiwa wake wa kawaida ni mshale laini au manyoya kugusa kitu. Mchano wa kulia ni nadra zaidi, na mara nyingi maana yake resti imekaa kulia mno au nyoya linakwaruza ndani ya resti. Ndiyo maana mwanzisha uzi alisema tusichanganye.

---

Mzee wa Chumbageni

Marahaba binti. Nimekubali, hii ya rilizi sikuwa nimeitenganisha.

---

Wano la Pwani

Dada amesema, ila hata hiyo kanuni ya pili mimi siiamini peke yake, maana mchano wa kando unaletwa na vitu vinne tofauti: spaini, resti, kemu iliyolala upande, na kiganja kinachopinda mpini. Mwelekeo haukuambii ni kipi. Kwa hiyo fuateni mpangilio huu.

Karatasi iwe imekazwa kwenye fremu, mita mbili mbele yenu, shabaha nyuma yake mita mbili nyingine. Mshale uwe katika urefu wa bega, sambamba na ardhi.

Malizeni kwanza mchano wa juu na chini. Manyoya yakichana juu ya tundu, noki imekaa juu mno: shusha kitanzi au inua resti. Yakichana chini, kinyume. Kama mchano wa juu haukubali kuisha hata ukisogeza, pakeni poda ya mtoto kwenye manyoya na resti. Alama itawaonyesha panapoguswa.

Kisha wa kando. Piga tatu, zikubaliane. Zisipokubaliana tatizo ni kiganja, si mshale: mpini ukae kwenye nyama ya chini ya dole gumba, vidole vilegee, usiukamate kama mpini wa jembe.

Zikikubaliana, sogeza resti kinyume na mchano (mchano kushoto, resti kulia) kwa milimita moja tu kila mara. Ukifika milimita tatu mbali na katikati ya upinde na bado inachana, acha resti. Irudishe.

Hapo ndipo unauliza spaini, na unauliza kwa jaribio: legeza skrubu za mikono yote miwili, juu na chini SAWASAWA, mzunguko mmoja. Hiyo ni kama paundi 2 hadi 3. Piga tena. Mchano ukipungua, mshale ulikuwa laini kwa upinde ule. Ukizidi, ulikuwa mgumu. Hili jaribio halidanganyi kwa sababu umebadilisha kitu kimoja. Angalieni kitabu cha upinde kinaruhusu mizunguko mingapi kabla mkono haujachomoka kwenye tundu lake.

Mkimaliza karatasi, nendeni mita 18 na mshale usio na manyoya. Kwa mvutaji wa kulia, ukianguka kulia kwa wenye manyoya na ulikuwa ukichana kushoto, mashahidi wawili wamekubaliana: laini. Tofauti ya kiganja kimoja kwa mita 18 inavumilika kwa anayeanza. Mwenye mashindano aifikishe kwenye upana wa mshale miwili mitatu.

---

Mvuvi_Mwambani

Na mwanzi je? Tuna mawano ya mwanzi yaliyonyooka kuliko kaboni ya mtumba. Nipige kwenye kompaundi?

---

Kigumba

Hapana. Wala ya mti. Kompaundi inaachia nguvu yake kwa kishindo kikubwa kuliko uta wa kawaida, na ufa mmoja usioonekana kwenye kifundo cha mwanzi unatosha kukutoboa kiganja. Mwanzi una heshima yake kwenye uta wa upote wa kawaida, tena huko unapimwa kwa nguzo za inchi 26 na uzito wa paundi 2, ni hesabu nyingine. Mfungulie uzi, nitachangia.

---

Tanga Raha 10X

Unene wa wano una maana yoyote? Naona mengine kama penseli, mengine kama kidole.

---

Dada Upote

Spaini inaweza kuwa ileile kwenye unene tofauti. Mnene wenye ukuta mwembamba unalingana na mwembamba wenye ukuta mnene. Mnene unagusa mstari wa alama kwa urahisi, ndiyo maana ukumbini mita 18 wanaupenda. Mwisho wa sheria za World Archery (shirikisho la dunia la mchezo huu) ni milimita 9.3 kwa wano, na upinde wa kompaundi usizidi paundi 60. Nje, mita 50, mwembamba haupeperushwi sana. Kwa viwanja vyetu vya karibu na bahari sijiulizi mara mbili, mwembamba. Na pangeni uwanja mpige mkielekea kaskazini au kusini, ili kusi na kaskazi zije mbele au nyuma badala ya ubavuni, na jua la asubuhi lisiwapige usoni.

Wenye ndoto kubwa: kompaundi inaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles 2028, timu mchanganyiko.

---

Fundi Grainda

Swali dogo la mizani ya mbele, yaani mshale unavyoelemea mbele ya katikati yake. Mnataka asilimia ngapi ya urefu?

---

Wano la Pwani

Kati ya 10 na 15 kwa nje. Laza mshale mzima juu ya ukingo wa rula hadi usimame sawa, pima toka koo la noki hadi hapo. Mfano wano sentimita 71, unasimama kwenye 43.5. Toa nusu ya urefu, 35.5, inabaki 8. Gawa kwa 71: asilimia 11.3. Lakini jamani, msichague ncha kwa ajili ya asilimia hii mkaharibu spaini. Spaini kwanza.

---

Pongwe Kwetu

Mrejesho. Wano inchi 29, ncha 125, paundi 53. Juu na chini pamekaa. Kushoto inachana sentimita 2, mara tatu mfululizo ileile. Poda haionyeshi kuguswa. Resti nimesogeza milimita 3, ikabaki sentimita 1.5. Nimeirudisha katikati, nikalegeza mzunguko mmoja juu na chini: sentimita 1.

---

Kigumba

Umelegeza na imepungua. Ni laini, kama hesabu ya inchi 29 na ncha 125 ilivyotabiri. Rudisha skrubu palepale zilipokuwa, pima kilo 24 tena uhakikishe. Badilisha ncha iwe 100. Wano usikate.

---

Pongwe Kwetu

Ncha 100, kilo 24. Tundu moja na michirizi mitatu ya manyoya, kushoto labda milimita 3. Mita 18 usio na manyoya umekaa vidole vitatu kulia kwa wenzake.

---

Dada Upote

Milimita 3 hizo unazimaliza kwa resti, nusu milimita kwenda kulia. Vile vidole vitatu, kata robo inchi kwenye ule usio na manyoya peke yake, upige tena kabla hujagusa mingine. Ukiingia kundini, huo ndio urefu wa sita zote. Kisha kila mmoja upite kwenye karatasi. Ukikuta unaochana peke yake, zungusha noki yake robo na urudie kabla hujautupa.